Sikio la Kulia la Mwalimu Atuganile

Simu zilipoanza kuuzwa bila tundu la hedfoni, hakuna aliyekuja Kinyala kumuuliza Atuganile Mwakalinga maoni yake. Wangemuuliza, wangejibiwa. Angewaambia kwamba tundu lile halikumkosea mtu, halikuomba chakula wala nauli, na kwamba anayeziba tundu lililokuwa likifanya kazi yake vizuri, kisha akakuuzia kipande cha waya cha kulirudisha, huyo ana lake jambo. Lakini hawakumuuliza. Simu yake ya zamani ilimponyoka akichuma chai, ikatumbukia kwenye mfereji uliofurika, na mwanawe Prosper, anayefanya kazi Mbeya mjini, akamtumia nyingine mpya, pana, inayong'aa, isiyo na tundu lolote isipokuwa lile la chaji.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Kwa Atuganile, kazi ya miaka thelathini na moja ilikuwa imekaa kwenye tundu lile.

Yeye ni mwalimu wa kwaya ya usharika. Mshahara wa kazi hiyo ni ndaga, yaani asante ya Kinyakyusa, na siku ya mavuno huongezewa ndaga fijo, asante sana. Kinachomlisha ni chai na migomba, kama majirani zake wote. Noti za muziki hasomi. Alijifunza kuimba akiwa binti wa miaka kumi na mitano, amesimama nyuma ya kinanda cha kanisa, akiikamata sauti moja moja mpaka aijue, na hadi leo hiyo ndiyo njia yake. Wimbo mpya ukija, anausikiliza kwa ajili ya sauti ya kwanza peke yake, mpaka imtoke mdomoni bila kuitafuta. Kisha anarudi mwanzo kwa ajili ya sauti ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, ile ya wanaume wenye vifua. Ndipo anakwenda kanisani kuzigawa. Mwimbaji akikosea, Atuganile anasimamisha kwaya nzima na kumtazama, na mtu huyo anakumbuka kutazamwa huko hadi Pasaka ijayo. Waimbaji wake wanamheshimu na wanamwogopa, na yeye hajawahi kuona tofauti ya mambo hayo mawili.

Kusikiliza kwa namna hiyo kunataka hedfoni. Wapo wanaodhani ni maringo ya mama mtu mzima kutembea na nyaya masikioni, lakini hao hawajakaa Rungwe mwezi wa nne. Mvua ikishaanza kupiga bati, aliyekaa upande wa pili wa meza anachezesha midomo tu, na mvua yenyewe haina haraka ya kwenda popote. Spika ya simu ndiyo usiseme. Sauti nne zinatoka humo zimekumbatiana, huwezi kujua ipi ya nani.

Na mwaka huu kulikuwa na tamasha la kwaya za wilaya. Kila kwaya ilipewa wimbo mmoja wa lazima, uimbwe kama ulivyotungwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mwaka jana Kinyala walishika nafasi ya pili, na nafasi ya pili ilimkaa Atuganile kooni mwaka mzima. Isitoshe, alikuwa na miaka hamsini na tisa, na alishasikia wakisema kwamba Anneth, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa hapo kutoka Singida, anasoma noti kama anavyosoma gazeti. Atuganile alitaka ushindi huu mmoja. Baada ya hapo, waseme watakalo.

Basi akaenda Tukuyu mjini kutafuta kitu kinachoitwa adapta. Ni kijiwaya kifupi: upande mmoja kinaingia kwenye tundu la chaji, upande wa pili kina tundu la hedfoni, lile lile walilolinyima simu. Kijana mmoja muuza vifaa vya simu, Francis, alimchomekea adapta kwenye simu yake mwenyewe, muziki ukatoka safi kabisa. Atuganile akarudi nayo Kinyala, akaichomeka kwenye simu yake, kimya. Kesho yake akapanda bodaboda kurudi mjini. Francis akaichomeka tena kwenye simu yake, ikaimba. Wauza vifaa wawili wa jirani wakaitwa kushuhudia kwamba inaimba. Mama mzima akasimama pale katikati ya mashahidi watatu wanaomweleza kwa upole, kwa zamu, namna ya kuongeza sauti ya simu. Ilibidi aigonge meza ndipo mtu akubali kuijaribu kwenye simu ya mwenye kununua, na hapo ikawa bubu. Kumbe, Francis akasema bila hata chembe ya aibu, adapta ziko aina mbili, na simu hii inataka ile nyingine. Angeweza kusema hivyo jana.

Ile nyingine iliimba. Atuganile aliijaribu pale pale kwa hedfoni zake mwenyewe, masikio yote mawili, mbele ya mashahidi.

Tatizo la adapta hiyo lilikuwa udogo wake. Haikuzidi ganda la njegere. Siku ya kwanza tu ilifagiliwa pamoja na maganda ya ndizi, ikapelekwa kwa ng'ombe, na mumewe Jackson akaiokota mbele ya mdomo wa mnyama. Siku ya pili ilipotelea ndani ya mfuko wa koti, ikatafutwa asubuhi nzima. Atuganile akasema imetosha. Akatoa uzi mwekundu uliobaki kwenye sweta la mjukuu, akakaa na kulabu yake, akaifumia adapta sweta dogo lake yenyewe, lenye kamba ya kuvaa shingoni na ukosi uliobana vizuri kuzunguka mdomo wa tundu. Kwa baridi ya Tukuyu kila kitu kinavaa sweta, kwa nini hiyo isivae? Hedfoni ilipoingia, uzi uliikamata isichomoke, na yeye akafurahia kazi ya mikono yake.

Kisha akakaa kuusikiliza wimbo wa lazima. Sikio la kushoto liliimba. Sikio la kulia halikusikia kitu.

Hapa ndipo mtu anapotamani kumshika bega. Lakini Atuganile ni mtu wa kufikiri, na alifikiri. Adapta ilikuwa nzima dukani, watu watatu waliona. Hedfoni ni zile zile za siku zote. Kilichobadilika ni nini, kama si sikio? Kuzigeuza, ya kulia aiweke kushoto, hakukumjia kabisa. Zina alama, na yeye si mtu wa kuvaa kitu kinyume. Alijaribu kusugua vidole karibu na sikio, lakini mvua ilikuwa inapiga bati na hakusikia vidole kwa sikio lolote. Isitoshe, alikuwa na sababu ya kuamini. Mama yake, marehemu Tulia, aliyekuwa mwimbaji hodari kuliko yeye, sikio lake la kulia lilianza kuziba akiwa na miaka sitini. La kushoto likafuata. Miaka yake ya mwisho alikuwa anakaa kanisani anatazama midomo ya kwaya na kulia. Atuganile aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuogopa, alikasirika badala yake.

Hakumwambia mtu, hata Jackson. Kwa wiki tatu alifundisha kwa sikio moja. Sauti ya kwanza na ya nne alizipata vizuri. Ya pili na ya tatu zilikuwa hafifu mno, alikuwa akizisikia kama za jirani aliyefunga mlango, na kila alipozikosa aliamini ni zile ambazo sikio lake bovu halizifikii. Basi akazijaza mwenyewe, kwa uzoefu, akikisia mahali ambapo mtunzi yeyote mwenye akili angezipitisha. Kwenye mazoezi alianza kusimama upande, akiwaelekezea waimbaji sikio la kushoto. Alidhani hakuna aliyeona.

Siku moja Abrahamu, seremala anayeimba sauti ya tatu, aliinua mkono. Ni mtu wa maneno machache na hainui mkono ovyo.

"Mwalimu," alisema, "hapa kwenye ubeti wa pili, ni hivi kweli?"

"Abrahamu, wimbo huu nimeupokea mimi au umeupokea wewe?"

Abrahamu akashusha mkono. Waimbaji wote wakatazama sakafu, na Atuganile akaona kwenye nyuso zao kitu ambacho hakikuwa woga wa siku zote. Ilikuwa huruma. Alirudi nyumbani amefura. Wamhurumie kwa lipi? Hata hivyo huruma ile ndiyo iliyomvunja nguvu. Zilibaki wiki mbili kabla ya tamasha, na hakutaka kwaya yake ikaaibike mbele ya wilaya nzima kwa sababu ya sikio la mtu mmoja.

Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele yao akasema miguu imechoka, tangu leo kwaya anamwachia Anneth. Alitegemea ubishi kidogo. Mtu akifundisha miaka thelathini na moja, anastahili kubembelezwa angalau dakika tano. Badala yake Wilson, mwenyekiti wa kwaya, alifungua kabati la majoho akatoa kitenge kipya ndani ya nailoni yake, na kutoka mfuko wa shati akatoa hotuba ya shukrani. Ilikuwa imepigwa chapa. Kurasa mbili. Hotuba ya kupigwa chapa haiandikwi mtu akiwa amesimama kanisani, na kitenge hakinunuliwi Jumapili asubuhi. Walikuwa tayari, walikuwa wanamsubiri tu aseme. Atuganile alisikiliza kurasa zote mbili, akasema ndaga, akatoka na kitenge chake kwapani. Iliuma. Alitembea njia nzima hadi nyumbani bila kufungua mwavuli.

Huko ndiko alikomwambia Jackson yote, kwa sauti ya kugomba, kana kwamba Jackson ndiye aliyeziba sikio. Jackson alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa huna tena cha kuficha, Mama Prosper," akasema. "Kesho nenda Igogwe ukapimwe."

Hospitalini alipokelewa na muuguzi mmoja mpole, Pudensiana, mtu wa Kagera. Alimchungulia masikio kwa kitochi, akaandika kitu, akamwambia aketi akiangalia ukutani na azibe sikio la kushoto kwa kidole. Atuganile akaketi hivyo, akisubiri apigiwe kengele au filimbi. Hakuna kilichopigwa. Akaanza kupandwa na hasira za kupotezewa muda.

"Mama, asubuhi umekula nini?" sauti ikanong'ona kutoka nyuma, upande wa kulia.

"Chai na ndizi," akajibu kwa ukali. "Kwani hiyo inahusu nini masikio?"

"Inahusu. Nimenong'ona nikiwa mlangoni na umenisikia. Sikio lako zima, mama yangu."

Atuganile aligeuka. Hakufurahi. Alimwambia binti huyu kwamba haiwezekani, kwamba yeye ni mwalimu wa kwaya na anajua anachosikia na asichosikia, na kama hospitali haimwamini, hii hapa simu. Akatoa simu, akavua shingoni adapta ikiwa na sweta lake jekundu, akachomeka kila kitu, akamvalisha muuguzi hedfoni kwa mikono yake. Pudensiana akasikiliza kidogo, kichwa amekiinamisha.

"Basi na mimi sikio langu la kulia limekufa," akasema.

Alilishika lile sweta dogo, akauvuta ukosi wake nyuma kwa kucha, akasukuma kichwa cha hedfoni. Kililia tik, kikazama mpaka mwisho. Uzi ulikuwa umekizuia kisiingie sawasawa, wiki tatu nzima. Akamrudishia Atuganile hedfoni.

Sauti ya pili ikaingia sikio la kulia. Nyuma yake ikaja ya tatu. Zilikuwa safi, karibu, kila moja imesimama mahali pake, na hazikufanana hata kidogo na zile alizozikisia. Kumbe kamati ya tamasha ilizirekodi hivyo makusudi, mbili kushoto na mbili kulia, kila upande ukivuja kidogo tu kwenye mwingine, ili walimu wajifunze kwa urahisi, na maelezo yalitumwa kwenye kundi la Wasapu la kwaya, ambako Wilson alimtolea wimbo peke yake na kumwekea kwenye simu. Atuganile kundi lile hafungui. Amechoshwa na picha za maua za kuamkiana.

Alikaa kwenye benchi la korido akausikiliza wimbo mara nne. Sikio lilikuwa zima, hatakuwa kama mama yake, na kwa muda wa ubeti mmoja alimshukuru Mungu kweli kweli. Ubeti wa pili alianza kukasirika. Aliikasirikia simu, na Prosper aliyeituma, na Francis na mashahidi wake, na uzi mwekundu, na mikono yake mwenyewe inayofuma kila kitu kinachokaa kimya. Ubeti wa tatu akakumbuka kwaya. Alikuwa amewafundisha nusu ya wimbo, na nusu ya pili aliitunga mwenyewe. Waimbaji arobaini walikuwa wanakwenda kuimba makosa yake mbele ya wilaya. Sasa kwaya ni ya Anneth, na aibu ingekuwa ya Anneth. Angekaa kimya tu, hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimpitia, hatukatai. Kisha akainuka akaita bodaboda.

Jumatano saa kumi, mazoezi yakiendelea, aliingia kanisani, mkononi ameshika adapta iliyo uchi, bila sweta lake. Mvua ilikuwa imenyamaza, na kwa mara ya kwanza mwezi ule watu walisikilizana. Akawasimulia kila kitu, wima, sauti kavu, akianza na tundu na kumalizia na ukosi. Alitegemea wacheke, na alikuwa amejiandaa kumtazama wa kwanza atakayecheka. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo sauti ya pili na ya tatu nimewafundisha vibaya," akamaliza. "Zote."

Wilson aliangalia kabati la majoho. Mwishowe Anneth ndiye aliyesema.

"Tulijua, Mwalimu. Tangu wiki ya kwanza. Wimbo tunao wote kwenye simu zetu. Tukadhani ni masikio, kama ya bibi Tulia."

"Mlijua." Atuganile aliwazungukia wote kwa macho. "Mkanunua kitenge. Mkapiga chapa hotuba. Watu arobaini, wiki tatu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia?"

"Mimi nilikuuliza," akasema Abrahamu.

Hakuisema kwa ukali. Alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, mikono juu ya magoti. Jibu Atuganile alikuwa nalo tayari, kama miaka yote thelathini na moja. Lakini alikumbuka mkono ule ulivyoinuka, na jinsi alivyoushusha yeye. Alitazama nyuso zao na kwa mara ya kwanza akazihesabu kwa namna nyingine: nani anampenda, nani anamwogopa. Wengi walikuwa yote mawili, na woga ndio uliokuwa umewafunga midomo.

Anneth akasema, kwa haraka kidogo, kwamba kiti cha ualimu hajakizoea na wala hakukitaka, Mwalimu akirudi atashukuru. Wilson akakohoa, akauliza kama itabidi kitenge kirudi kwenye kabati.

"Kitenge sirudishi," akasema Atuganile.

Hapo wakacheka, na ilikuwa ni kama watu walioruhusiwa kupumua. Yeye hakucheka. Alipita mbele ya safu zote mpaka kwenye benchi la sauti ya tatu, akaketi kando ya Abrahamu, akachomeka adapta, akasukuma hedfoni mpaka ikalia tik, akampa.

"Zimebaki siku kumi na moja," akasema. "Ya tatu unaijua kuliko mimi. Nifundishe."

Abrahamu akavaa hedfoni, akaanza, kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, na Atuganile akamfuata. Walipofika ubeti wa pili seremala akainua mkono wake ule mzito, kwaya nzima ikishuhudia.

"Hapo umekosea, Mwalimu."

Atuganile akamtazama kwa jicho lile la kukumbukwa hadi Pasaka ijayo. Kisha akalishusha, akavuta pumzi, akarudia tangu mwanzo.